Nilivyoiona Japani

Sisi wa Nyeri tuna msemo kwamba mtoto asiyetembea hudhani ni mama yake peke yake ajuaye kupika. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na mara nyingi nimewasimulia wanafunzi wangu ili wapate kupenda safari. Lakini nilitimiza miaka 33 kabla sijala chakula cha mama wa mtu mwingine nje ya mipaka ya nchi yangu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiwafundisha watoto maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyajua ila kwa midomo.

Mnamo Oktoba 2018 nilichaguliwa pamoja na walimu wengine wa hisabati na sayansi kwenda Japani kwa muda wa wiki sita, tukaone jinsi wenzetu wa huko wanavyofundisha. Njia hiyo ilikwisha kupitwa na wengi, kwa maana tangu mwaka 1998 Kenya na Japani zilishirikiana kuimarisha mafundisho ya masomo hayo katika shule za sekondari. Mimi nilisomea ualimu katika Chuo cha Kagumo, hapa hapa Nyeri, kisha nikapata kazi katika vilima vya upande wa Tetu, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu mtu afunguapo mlango hupokewa na Mlima Kenya. Sikuwa nimepanda ndege hata siku moja.

Jioni ya kuagana nilikwenda kwa nyanya yangu. Desturi ya Wagikuyu ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo mimi nina jina la babu, na nyanya tangu nilipozaliwa huniita mume wake, kwa utani ambao ndani yake mna heshima. Nilipomwambia ninakokwenda aliacha kuchambua maharagwe, akanitazama kwa muda.

"Unakwenda huko tena, mume wangu?" akauliza.

Hapo yafaa nieleze, kwa kuwa vijana wengi hawaijui habari hii. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliandikwa katika jeshi la Mwingereza, katika vikosi vya King's African Rifles, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, hata ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Waruhiu Itote wa Mukurwe-ini, ambaye baadaye alijulikana msituni kwa jina la Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliokwenda Burma. Hata mboga zilizokaushwa Karatina zilitumwa kulisha majeshi. Babu yangu naye alikwenda, askari asiye na cheo, akarudi na koti moja, kikohozi, na maneno machache. Alifariki nikiwa mchanga, nisipate kumwuliza lolote.

"Alinieleza habari za mvua na za matope," nyanya akasema, "lakini watu hakunieleza. Alisema msitu ulikuwa mnene; risasi hutoka, mtu haonekani. Wewe sasa unakwenda mchana, tena bila bunduki. Waangalie nyuso zao vizuri, kisha uje uniambie ni watu gani."

Nikaahidi. Na katika safari yangu yote, kila nilipoona jambo, nilijiuliza: je, hili nitamwelezaje nyanya?

Mji wa Tokyo sitausimulia sana. Ni mkubwa mno kwa macho ya mtu wa Tetu, na tulikaa humo siku mbili tu. Nikumbukacho zaidi ni utulivu wake. Maelfu ya watu hupita katika kituo kimoja cha treni, na sauti uisikiayo ni ya viatu. Kila mmoja hushika upande wake wa ngazi, kila mmoja hungoja zamu. Nilikumbuka jinsi sisi tunavyoingia katika matatu za kwenda Karatina siku ya soko, nikacheka peke yangu.

Siku ya tatu tulipanda ile treni yao ya kasi iitwayo Shinkansen, tukaelekea Hiroshima, ambako ndiko yangekuwa makao yetu. Wazee wetu waliita treni gari la moshi. Hili halina moshi, wala halitikisiki, na safari ambayo ni ndefu karibu kama ya kutoka Mombasa hadi Kisumu tuliimaliza kwa saa nne hivi. Mkalimani wetu, bwana mmoja wa makamo, alituambia kwamba treni hizo zilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Nikamjibu kwamba Michezo hiyo nasi tunaikumbuka, kwa kuwa ndimo Wilson Kiprugut alimoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ile ya shaba katika mbio za mita 800. Tulipofika Osaka nikaongeza kwamba katika mji huo, mwaka 2007, Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Akainamisha kichwa kwa heshima, nami nikavimba kama andazi.

Laiti ningalitosheka na hayo! Kabla ya Osaka tulikuwa tumeuona mlima wa Fuji upande wa kulia, umesimama peke yake, theluji ya kwanza kileleni. Abiria wenyeji, ambao bila shaka wamekwisha kuuona mara nyingi, waliinua macho kutoka magazetini, wakautazama kimya hadi ukatoweka. Mimi nikasema kwa sauti ya mwenye mali: "Wetu ni mrefu zaidi. Fuji una mita 3,776. Mlima Kenya una mita 5,199."

Mkalimani akatikisa kichwa kwa kustaajabu, kisha akaniuliza kwa adabu kamili, "Na wewe, Mwalimu, umeupanda mara ngapi?"

Sikuwa nimeupanda hata mara moja. Nimezaliwa miguuni pake, nimenywa maji ya mito yake, wazee wangu waliuita Kirinyaga wakasali wakiuelekea, na mimi sikuwa nimefika hata penye lango la hifadhi. Nilinyamaza mpaka Osaka.

Hiroshima ni mji wa mito na madaraja. Shule tuliyopelekwa ilikuwa ya sekondari ya chini, nje kidogo ya mji, na jambo la kwanza nililofundishwa humo ni kuvua viatu mlangoni. Kila mtoto ana kijumba chake cha kuwekea viatu vya nje, na viatu vingine vyepesi vya kuvaa ndani.

Tuliketi nyuma ya darasa, walimu wote pamoja na wenyeji, tukamtazama mwalimu mmoja akifundisha. Ndiyo desturi yao, kwamba walimu hutazamana wakiwa kazini na baadaye huketi kuzungumza juu ya somo. Aliandika swali moja tu ubaoni. Msichana mmoja akatoka akaandika jibu, nalo lilikuwa kosa. Mimi, mahali pake, ningalilifuta palepale nikamwita mwingine. Yeye aliliacha. Akawauliza wenzake, "Mnadhani amefikiri nini hata akafika hapa?" Wakajadiliana, na katika kujadiliana wakaipata njia iliyo sahihi. Kengele ilipolia, ubao ulikuwa na somo zima tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kosa lile, ambalo sasa lilionekana kama jiwe la kukanyagia kuvukia mto. Nikakumbuka kifutio changu, nikakumbuka na watoto niliokwisha kuwafuta pamoja na majibu yao.

Lakini somo kubwa lilikuja baada ya chakula cha mchana. Muziki ulipigwa, na ghafla shule nzima ikashika kazi. Wengine walichukua mifagio, wengine ndoo, wengine wakapiga magoti wakasukuma matambara juu ya sakafu ndefu ya ushoroba, wakishindana mbio kama ndama. Kundi moja lilikwenda kuosha vyoo. Hakuna aliyesimama juu yao na fimbo.

Nikamwuliza mwalimu mwenyeji kwa kinywa cha mkalimani, "Watoto hawa wamekosa nini?"

Mkalimani akaniomba nirudie swali. Nikarudia. Akalitafsiri, yule mwalimu akafikiri sana, akajibu kwa maneno mawili matatu. "Anasema," mkalimani akaniambia, "hajalielewa swali."

Wakati huohuo nilimwona mtu mwenye mvi amepiga magoti penye kona, anasugua sakafu. Alikuwa mwalimu mkuu.

Msomaji wangu, nakuungamia jambo. Wiki ileile niliyoondoka nyumbani nilikuwa nimempa mvulana mmoja wa kidato cha pili ufagio, afagie vyoo siku tano, kwa sababu ya kuchelewa. Alijaribu kunieleza kwamba kila asubuhi hupeleka kwanza maziwa ya mama yake penye kituo cha ushirika ndipo aje shuleni. Nilimwambia sitaki hadithi. Kwangu mimi, na kwa walimu walionifundisha, ufagio ulikuwa fimbo ya aina nyingine. Tuliwafundisha watoto kwamba anayesafisha ni mwenye hatia, kisha tukashangaa kwa nini wakiwa watu wazima hutupa takataka kwa dirisha la gari. Nilisimama katika ushoroba ule nikaona haya, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaomba tambara.

Jumamosi moja mkalimani alinialika twende Uji. Nilidhani nimealikwa kunywa uji, nikajibu kwamba asubuhi nimekwisha kushiba. Kumbe Uji ni mji, karibu na Kyoto, wenye sifa ya chai tangu karne nyingi. Humo mna hekalu la Byodo-in, ambalo ukumbi wake ulijengwa mwaka 1053, na picha yake imechorwa juu ya sarafu ya yen 10. Ukumbi umejengwa penye kidimbwi, na katika maji hujiona kama bibi arusi ajiangaliaye katika kioo. Nilisimama pale kwa muda. Lakini mimi ni mtoto wa mchuma chai, na moyo wangu ulikuwa mashambani.

Mama yangu amechuma chai maisha yake yote, majani mawili na kichipukizi, kapu mgongoni, akapeleka penye kituo cha kununulia akapimiwe. Baada ya hapo hajui iendako. Huko Uji walinieleza kwamba chai yao iliyo bora hufunikwa kwa vivuli majuma kadhaa kabla ya kuchumwa, ili majani yawe laini na ya kijani sana. Hupashwa kwa mvuke mara tu baada ya kuchumwa ili yasigeuke weusi, kisha hukaushwa na kusagwa kwa jiwe taratibu hadi kuwa unga. Mwenyeji wetu, bibi mmoja aliyevaa kimono, aliutia unga huo bakulini, akamimina maji ya moto, akaupiga kwa kifagio kidogo cha mwanzi hata ukatoa povu. Kila kitendo chake kilikuwa na mahali pake. Alilizungusha bakuli ili upande wake ulio mzuri unielekee mimi mgeni, kisha akalisogeza. Chai ilikuwa chungu, haina maziwa wala sukari. Lakini katika nyumba ile niliona mtu akiuheshimu mmea ambao mama yangu huuinamia kila siku, na nilitamani angekuwapo aone.

Juma la nne tuligawanywa tukalale katika nyumba za wenyeji. Mimi nilipokewa na bibi kizee mmoja katika kijiji cha mlimani, mjane, mwenye bustani ya mboga na mgongo uliopinda. Kijiji kilikuwa kizuri na kimya mno. Shule yake ilifungwa kwa kukosa watoto. Vijana wamehamia mijini, na nyumba nyingi zimebaki na wazee au na kufuli. Nilipomwambia kwamba darasani kwangu mna watoto zaidi ya 50, alifunika mdomo kwa mkono, akasema, "Ni utajiri ulioje!" Sikuwa nimewahi kuwahesabu kwa namna hiyo. Nikaona kwamba hata nchi yenye treni za ajabu ina mahali pake panapouma.

Nilimpa zawadi ya kiondo, nami kwa haraka nikaikunja karatasi iliyokifunga nipate kuitupa. Akaichukua mkononi mwangu, akainyoosha kwa kiganja, akaikunja vizuri akaiweka mtotoni mwa meza. "Mottainai," akasema, akicheka.

Neno hilo ni gumu kulifasiri. Lina majuto ya kukiona kitu chenye thamani kikipotea, na ndani yake mna shukrani kwa kitu chenyewe na kwa mikono iliyokitengeneza. Mkalimani alipomweleza kwamba natoka Nyeri, alikozaliwa Wangari Maathai, yule bibi aliinuka akainama mbele yangu kana kwamba mimi ndimi niliyeipanda miti ile. Huko Japani jina la Wangari na neno hilo hutajwa pamoja. Alizaliwa Ihithe mwaka 1940, akaanzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004. Februari 2005 alizuru Japani, akalisikia neno hilo, akalipenda, akalitangaza duniani mpaka alipofariki mwaka 2011. Wajapani wenyewe, vijana hasa, walianza kulithamini upya neno la bibi zao kwa sababu mwanamke kutoka vilima vyetu alilithamini. Nami niliyekulia mwendo mfupi kutoka Ihithe, nilikuwa nimepanda mche mmoja tu maishani, tena kwa amri ya mwalimu.

Siku ya mwisho nilikwenda peke yangu kwenye bustani ya amani. Nilikuwa nimeiahirisha safari hiyo wiki baada ya wiki. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu moja la atomiki liliangushwa juu ya mji ule, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Jengo moja lenye kuba limeachwa lilivyobaki, mbavu zake wazi. Asubuhi hiyo maelfu ya wanafunzi wa shule walikuwa nje mjini, wametumwa kubomoa nyumba ili kufungua nafasi za kuzuia moto, na wengi wao walifia kazini. Katika jumba la makumbusho mna mkebe wa chakula wa mwanafunzi mmoja. Umekunjamana, na chakula ndani yake kimekuwa makaa. Hakupata kukila.

Nyanya alikuwa amenisimulia kwamba babu na wenzake walipopata habari ya mwisho wa vita, huko India walikopelekwa kupumzika, walicheza ngoma hadi alfajiri. Sikuweza kuwalaumu. Walikuwa wakirudi nyumbani. Na kama babu hangerudi, mimi nisingelizaliwa. Furaha yao na mkebe ule ni mambo ya majuma mawili yaleyale. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimezoea maswali yenye majibu. Lakini mbele ya kioo kile nilijaribu kuweka upande huu na upande ule, nisiweze kuimaliza hesabu. Nilitoka nje. Karibu na jumba pana mti ulioungua siku ile ukachipua tena, na mbegu zake zimepelekwa kupandwa nchi nyingi. Nilikaa chini yake mpaka saa ya kuondoka.

Niliporudi, nyanya alikuwa Karatina kwa shangazi, kwa hiyo nilianza na shule. Jumatatu asubuhi nilichukua ufagio nikaanza kufagia darasa la kidato cha pili. Watoto walisimama mlangoni wakinong'onezana, na mmoja akauliza kwa sauti niliyoisikia, "Mwalimu amekosa nini?" Yule mvulana wa maziwa alinitazama kwanza, kisha akachukua ufagio wa pili. Baadaye nilimwomba radhi, nikamsikiliza hadithi yake yote. Sitadai kwamba shule iligeuka siku moja. Wazazi wawili walikuja kuuliza kwa nini mwalimu anajidhalilisha, na mwenzangu mmoja alinicheka muhula mzima. Lakini leo darasa lile husafishwa kwa zamu, nami ninayo zamu yangu. Desemba iliyofuata niliupanda mlima hadi kilele cha Lenana, nikaona kwa macho yangu jinsi barafu yake ilivyopungua, na neno la yule bibi likanijia mdomoni lenyewe.

Kijana usomaye, ukipata nafasi ya kwenda mbali, nenda. Usiende kutafuta ya kujivunia wala ya kujidharau. Nenda ukaangalie watu wakiwa kazini mwao, ukubali wakuulize swali usiloweza kulijibu, kisha urudi na swali hilo nyumbani.

Jumapili nyanya alirudi. Nilimtengenezea chai ya Uji. Akaonja, akauliza kama maziwa yamekwisha nchini. Kisha akaketi vizuri. "Haya, mume wangu. Umeziona nyuso zao?"

Nikamweleza yote: ubao, ufagio, mwalimu mkuu aliyepiga magoti, bibi aliyekunja karatasi. Mwisho nikamweleza habari ya mkebe. Alinyamaza muda mrefu, hata nikajuta kumwambia.

"Mama yake aliamka alfajiri akampikia," akasema.

Akaomba maziwa, akayatia katika chai ile ya kijani, akainywa yote.